Sehemu ya Pili ya Beberu Fundi

Benchi la Anyango ni taruma la reli, ule mti mweusi ulionyweshwa oili miaka na miaka hadi mchwa wakipita karibu wanausalimia tu na kuendelea na safari. Liko Section 58, pale barabara inapopinda kabla haijaamua iende wapi. Mbele ya benchi kuna jiko, juu ya jiko kuna birika, na nyuma ya birika yuko Anyango mwenyewe, aliyeanza kuuza kahawa hapo nguzo za stima zikiwa bado miti mibichi msituni. Ukikaa mwisho wa kushoto unaona mgongo wa Menengai. Ukikaa mwisho wa kulia unaona kipande cha ziwa, kidogo kama kioo cha mfukoni, na siku flamingo wakiwa wengi kioo hicho huona haya kikawa chekundu. Vijiwe Nakuru ni vingi, lakini ni hapa tu ilipowahi kuamuliwa, kura tatu kwa moja, kwamba mvua ya Bonde la Ufa hutoka chini ikipanda. Alhamisi hiyo, saa kumi jioni, manyunyu yalikuwa yamepita na kulaza vumbi, jua limelegea kama mtu aliyeshiba, na mtaa mzima ulikuwa kama picha ambayo mchoraji ameichora, kisha akatoka nje kwanza akafikirie rangi.

Khisa alikuwa amekaa mwisho wa kulia, kikombe mkononi, na kahawa imepoa. Hiyo peke yake ilikuwa habari. Mtaa humwita Sinema, kwa sababu marehemu baba yake, Mzee Makhanu, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, kila Ijumaa, enzi zile televisheni ilikuwa kitu cha kuambiwa. Kabla ya filamu kubwa, Mzee Makhanu alikuwa akiweka katuni moja fupi, ile ile kila wiki, maana hakuwa na nyingine: katuni ya mbuzi beberu mwenye kofia na nyundo, anayejenga nyumba. Watoto wa reli waliipa jina, Beberu Fundi. Na Khisa amekaa juu ya sifa ya katuni hiyo miaka arobaini na zaidi, kama kuku juu ya yai moja.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja. Vijana wa kanisa walikuwa wameahidi kutundika shuka jeupe na kuonyesha Beberu Fundi kwa ukumbusho wa Mzee Makhanu, na Khisa asimame mbele ya watu awaeleze kwa nini katuni za zamani hazizeeki. Pasta alikuwa ameshatangaza mara mbili. Shida ilikuwa moja. Khisa alikuwa amewaahidi watu sehemu ya pili, na mkanda wake hakuna aliyejua uliko.

— Sinema, kunywa hiyo kahawa bana. Ikipoa zaidi itaganda tuikate na kisu.

Aliyesema ni Muiruri, dereva wa lori aliyestaafu. Jina lake la benchi ni Breki, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kuzikanyaga kwa hiari.

— Niko sawa.

— Hauko sawa. Mtu akiwa sawa hasemi yuko sawa, anakopa sukari.

— Mwache, Breki, — akaingilia Ngigi. — Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji ang'olewe meno.

Huyo Ngigi huitwa Wahenga. Alitoka shule darasa la sita na kitabu cha methali kilicholiwa na panya upande mmoja. Mianzo ya methali anaijua yote, miisho amejitengenezea.

— Anaogopa Jumamosi, — akasema Anyango, akipuliza makaa. — Pasta ameniambia hata wa Lanet wanakuja. Na huyu hajui atasema nini.

— Si tumsaidie! — Breki akajivuta mbele. — Swali ni gani? Kwa nini katuni za zamani hazizeeki. Hiyo ni swali ya mtoto. Wahenga, anza.

Ngigi akaweka kikombe chini, akainua mkono wake wa kulia kama mtu anayekula kiapo, halafu akakunja kidole cha mwisho.

— Vidole.

— Vidole vimefanya nini?

— Hesabu vidole vya mnyama wa katuni. Vinne! Hakuna siku utapata tano. Sasa nyinyi mnafikiria mchoraji alisahau? Hakusahau. Kidole cha tano ndicho huchosha mwili. Damu inatembea kutoka moyo, inafika kidole cha nne, inataka kurudi, lakini hapana, lazima iende mpaka cha tano. Hapo ndipo uzee unaingilia. Ile katuni naipenda mimi, ya mbwa polisi mnene anafukuza msururu wa soseji mpaka soseji zinageuka zinamfukuza yeye, yule mbwa amekimbia tangu nikiwa mtoto Njoro na bado hajapumzika. Vidole vinne! Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vitano vinavunja mgongo.

— Wahenga hawakusema hivyo, — akasema Anyango.

— Walisema wakiwa peke yao.

Breki alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mganga.

— Wahenga, umejaribu. Lakini si vidole. Ni hewa.

— Hewa gani?

— Hewa ya zamani ilikuwa nzito. Umeona kwa katuni mtu anakimbia, anapita mwisho wa mlima, anaendelea kutembea hewani? Anaanguka saa ngapi? Akiangalia chini! Asipoangalia chini, haanguki. Watu wanacheka wakidhani ni mchezo. Mimi ilinitokea.

— Ilikutokea wapi?

— Mai Mahiu.

Anyango akajaza vikombe bila kuulizwa. Breki akisema Mai Mahiu, kahawa lazima iwe karibu.

— Nilikuwa nashuka na kabeji, tani saba, asubuhi ya ukungu. Ukungu wenyewe si wa siku hizi. Ukungu ule ulikuwa unaweza kuanika nguo juu yake. Nikafika kona ile ya chini, nikapinda, kumbe barabara haikupinda na mimi. Nikasikia magurudumu yamenyamaza. Nyinyi mnajua lori likinyamaza ni nini? Ni kuwa halikanyagi kitu! Nikajiambia, Muiruri, macho mbele. Nikashika usukani hivi. Lori likatembea. Kimya. Laini. Kama unapaka mkate siagi. Nikaona mwewe upande huu, tukasalimiana.

— Mkasalimiana, — Ngigi akarudia taratibu.

— Kwa kichwa tu, yeye pia alikuwa kazini. Sasa shida ikawa tanboi wangu wa kupakia mizigo, kijana wa Gilgil, Mungu amsamehe. Akaangalia chini. Mara upande wake wa lori ukaanza kuzama! Wangu uko juu, wake unazama. Nikamwambia, wewe, angalia mbele, ama utatuua. Akaangalia mbele, lori likanyooka. Tukatua shambani kwa mtu, chini kabisa, hata kabeji moja haikupoteza jani.

Moshi wa makaa ulipanda, ukasimama juu ya barabara kana kwamba nao haujaangalia chini.

— Na barabarani ulirudi vipi? — akauliza Anyango.

— Hiyo ni hadithi ingine.

Khisa alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Alipenda uongo wa Breki kwa sababu ulikuwa na magurudumu. Wake yeye ulikuwa umekwama matopeni, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

— Mimi nitawaambia kwa nini hazizeeki, — akasema Anyango. Alikuwa amekaa juu ya debe lake, kitambaa cha kushikia birika begani. — Ni kwa sababu hakuna mtu anakufa. Basi. Piano inamwangukia mtu kichwani, anatoka chini yake meno yamekuwa ya piano, anacheka, yanalia ding dong. Nyumba inamwangukia, anatoka na plasta moja kwa pua. Sisi tuliona watu wakizikwa tukiwa wadogo sana kwa zile nyumba za reli. Malaria. Mabehewa. Halafu Ijumaa unaenda ukumbini, unaona mtu ambaye hawezi kuzikwa.

— Lakini si Beberu Fundi analia, — akasema Breki. — Sinema hutuambia analia.

— Mwanzo analia. Na mimi mwanzo nilikuwa narudi nyumbani nikilia, nikiwa mdogo kabisa. Halafu mwaka fulani ikakuja sehemu ya pili. Tangu hapo Ijumaa nililala vizuri.

— Sinema, — Ngigi akamgusa bega. — Hebu tuambie hiyo sehemu ya pili. Vile utaiambia Jumamosi.

Khisa akaitazama ile kahawa. Halafu, kwa kuwa hakuwahi kuombwa hadithi akakataa, akaanza. Sauti ikashuka, mikono ikapanda.

Akawaambia jinsi beberu anavyopigilia msumari wa mwisho kwenye paa, na kifaranga mmoja, mdogo kama koma, anatua juu ya msumari huo kupumzika. Nyumba inapumua. Inatikisika. Ukuta wa kwanza unalala, wa pili unaulalia wa kwanza. Piano inaruka kutoka dirisha la juu. Ndoo ya maji inamwagika ngazi zote. Sahani zinatoka kabatini moja moja kama watu wanaotoka ibadani, kisha zinavunjika. Vumbi likitulia, beberu amekaa juu ya kifusi, kofia imepasuka, na machozi mawili yanamshuka, makubwa kama balbu. Kifaranga anakuja na mwavuli, anamfunika. Halafu maandishi.

— Maandishi yalisema nini?

— Hatukujua kusoma. Sisi tuliyajua kwa umbo tu. Halafu taa haizimiki. Kelele kidogo kwa mashine. Na sehemu ya pili inaanza.

Hapo hata Anyango aliacha kupuliza makaa.

— Mwavuli unafungwa. Machozi yanapanda, yanaingia machoni, macho yanakauka. Kofia inajishona. Beberu anasimama, na sahani, kila kipande kinatafuta mwenzake, kinampata, kinaruka kabatini. Maji yanapanda ngazi yanarudi kwa ndoo. Piano inapaa, polepole, inaingia dirishani bila kugusa hata pazia. Nyumba inasimama. Na wote wanaongea lugha ingine, tamu, ya kunyonya maneno.

— Kirusi, — akasema Breki.

— Kizulu, — akasema Ngigi.

— Na wimbo, — akamalizia Khisa. — Ule wimbo wetu.

Wimbo huo kila mtoto wa reli aliujua. Haukuwa na maneno, ulikuwa wa kuvuta pumzi tu, kama mtu anayekunywa uji moto kwa tuni. Harusini, wakikutana wazee wawili waliokulia pale, mmoja huuanza na mwenzake humalizia, na watu wengine hubaki wakiwatazama.

Kuna jambo moja Khisa hakuwahi kulisimulia benchini, yeye aliyesimulia kila kitu. Alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa amezikwa Jumanne. Ijumaa baba yake akaenda kazini kama kawaida, akamchukua akamkalisha miguuni mwake kando ya mashine, kwenye lile joto lenye harufu ya vumbi linaloungua. Nyumba ilipomwangukia beberu, Khisa alishika suruali ya baba yake akauliza, "Ataamka?" Baba yake akaiinamia mashine. Kisha akasema neno moja tu: "Ngoja." Na beberu akaamka.

Hayo mengine, mapambo, aliyaongeza mwenyewe miaka ilivyopita. Kwamba Mzungu aliyeichora alipita Nakuru kwa gari moshi. Kwamba alikula kwa Mzee Makhanu, akafurahia jogoo mwekundu, akafungua sanduku akamwachia sehemu ya pili kwa mkono wake, akisema ulimwengu bado haujawa tayari, lakini Nakuru iko tayari. Hadithi ilikuwa tamu mno kuachwa bila jogoo. Na pasta alikuwa ameichapisha, na jogoo wake, kwenye karatasi ya ratiba.

— Sasa, wazee!

Msichana alikuwa amesimama nyuma ya birika, mkoba mgongoni, viatu vina matope ya Lanet. Ni Mitchelle, mpwa wa Anyango, anayesomea kuchora katuni kwa kompyuta. Pasta ndiye aliyemtuma aitafute Beberu Fundi mtandaoni, na kwa wiki mbili alikuwa akiitafuta. Kwa hili benchi alikuwa mgeni. Alikuwa akiwajua wazee hawa kwa sifa tu.

— Poa, binti. Kaa. Breki, songa, — akasema Ngigi. — Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kukosa kiti.

— Umeipata? — akauliza Khisa.

— Nimeipata, mzee.

Alisema bila kutabasamu, na Khisa akaweka kikombe chini. Mitchelle akatoa simu, akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Vichwa vinne vikakutana. Na hapo, kwenye kioo kidogo kuliko sahani ya chai, rangi zimefifia kama nguo iliyofuliwa sana, beberu akaingia na nyundo yake.

Khisa alishika magoti. Ni yeye! Ile kofia. Ule mwendo wa makalio kutangulia. Anyango alijifunika mdomo kwa kitambaa cha birika. Breki, aliyekulia Mai Mahiu na hakuwahi kuiona, alicheka hadi akamwaga kahawa. Ngigi alihesabu vidole akakuta vinne, akawapiga wote mabega. Msumari. Kifaranga. Nyumba. Piano. Sahani. Machozi mawili. Mwavuli. Maandishi.

Kioo kikawa cheusi.

— Endelea, — akasema Khisa.

— Imeisha, mzee.

— Hiyo ni ya kwanza. Weka ya pili.

— Hakuna ya pili. — Mitchelle aliongea pole pole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa. — Nimetafuta kila mahali. Nimewaandikia hata watu wanaohifadhi hizi katuni za kitambo. Wakanijibu. Aliyeichora alichora hii moja ya beberu, dakika saba, halafu akaacha. Hakuna ingine. Na hakuwahi kufika Afrika.

Pikipiki ilipita. Vumbi likakumbuka kuinuka, likaghairi.

— Hakufika Afrika, — Breki akasema kwa upole. — Sasa yule jogoo alikula akiwa wapi?

— Breki, — Anyango akaonya.

— Nauliza tu. Mimi nimetembea hewani, sina shida na jogoo.

Khisa aliiona Jumamosi yote mbele yake. Shuka jeupe, watu wa Lanet, karatasi ya ratiba. Watacheka. Na kicheko hakitamwishia yeye, yeye amezoea. Kitapita juu ya kichwa chake kiende hadi kaburini kwa mzee ambaye hakuwahi kudanganya mtu, kitasema, kumbe na baba yake alikuwa hivyo hivyo.

— Jogoo ni wangu, — akasema. Sauti ilitoka ndogo. — Mzungu pia ni wangu. Sanduku ni langu. Nitamwambia pasta. Lakini sehemu ya pili niliiona. Kila Ijumaa. Anyango, si uliiona?

— Niliiona na haya macho.

— Watu wawili hawawezi kuota ndoto moja, — akasema Ngigi.

Walimgeukia wote. Haikuwa methali.

Mitchelle alikuwa amekunja uso, akimtazama Khisa, halafu shangazi yake.

— Mlisema waliongea lugha ingine?

— Kirusi, — akasema Breki.

— Na kuna wimbo? Hebu niimbieni.

Khisa hakuwa na hamu, lakini Anyango aliuanza, na wimbo huo ukianzwa na mmoja wa reli hauachwi ukining'inia. Akaudaka. Wawili hao, mwanamke juu ya debe na mwanamume juu ya taruma, wakawa wanavuta pumzi kwa tuni, sauti zikipishana kama mabehewa. Wapita njia walipunguza mwendo. Mitchelle aliinamia simu, vidole vyake vikawa vinacheza. Halafu akainua macho.

— Shangazi, nyamazeni kidogo.

Akabonyeza.

Maandishi yakaja. Yakaondoka. Beberu alikuwa juu ya kifusi chini ya mwavuli. Na mwavuli ukafungwa.

Machozi mawili yakapanda shavuni, yakaingia machoni.

Kofia ikajishona. Kipande cha sahani kikaruka, kikampata mwenzake. Na kutoka kwenye kile kisimu, mwembamba, wa kunyonya, ukatoka wimbo. Wimbo wenyewe. Kila pumzi mahali pake.

Anyango alikaa chini, ingawa alikuwa amekaa.

— Umefanyaje? — akanong'ona Khisa.

— Nimeirudisha nyuma tu. Mkanda wa zamani ukiisha, lazima urudishwe mwanzo kwa gurudumu lake ndio uonyeshwe tena. Mzee wako alikuwa anaurudisha na taa imewaka. Nyinyi mkaona inarudi, mkajua ni sehemu ya pili.

— Rivasi! — Breki akapiga kofi gotini. — Ilikuwa inapiga rivasi! Miaka hamsini karibu mnaimba rivasi harusini!

— Maji yakimwagika hayazoleki, — akasema Ngigi kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa amemaliza methali sawasawa. Hapo hapo, kwenye kioo, maji yaliyomwagika yakaanza kupanda ngazi, moja, mbili, tatu, yakaingia yote ndani ya ndoo. Ngigi akaitazama ndoo. — Basi niwaachie wahenga wenyewe, — akasema.

Walicheka wote, hata Khisa, kicheko cha watu waliovuka mto. Anyango alipangusa macho kwa kitambaa, akajipaka masizi shavuni, na hakuna aliyemwambia. Jua lilikuwa limefika chini ya ukingo wa wingu. Kipande kile cha ziwa kikawaka chekundu, mtaa wote ukapata rangi yake mara moja.

— Sasa Jumamosi utasema hivyo, — Breki akampangia. — Jogoo unamtoa, rivasi unaiweka. Ni tamu hata kushinda jogoo. Si ndiyo, Mitchelle?

Lakini Mitchelle alikuwa bado amekunja uso. Katuni ilikuwa ikiendelea kurudi, bila haraka. Piano ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka ardhini.

— Kuna kitu sielewi. Tumefundishwa hizi mashine za zamani. Mkanda ukiisha, haurudishwi hivi. Unatolewa mbele ya taa, unazungushwa gurudumu kwa gurudumu, dakika moja umemaliza. Taa unazima, kwa sababu inaungua na kupata ingine ni kazi. Yeye aliurudisha polepole, mbele ya taa, dakika saba nzima. Na watu wanangojea filamu kubwa. Kila Ijumaa. — Akawatazama mmoja mmoja, jinsi mtu anavyowatazama wazee akiamini wanajua. — Kwa nini?

— Labda mashine ilikuwa… — akaanza Breki. Mtu aliyewahi kusalimiana na mwewe angani alitafuta nadharia mfuko huu, akatafuta mfuko huu mwingine, akakosa.

— Mwanzoni hakuwa akifanya hivyo, — akasema Anyango taratibu. — Nimewaambia. Mwanzo nilikuwa narudi nikilia. Ni mwaka ule wa mazishi ya… — Akamtazama Khisa. Akainua birika ili awajazie, likatoa matone mawili, likakohoa. Kahawa ilikuwa imeisha.

Kwa kawaida birika likikohoa, watu husimama, hupangusa suruali, husema haya basi. Hakuna aliyesimama. Wote walikuwa wakimngojea Khisa, kwa kuwa swali lolote lililowahi kuanguka benchini hapo yeye alikuwa na jibu lake, na jibu likikosekana alikuwa akilichonga papo hapo. Khisa alikuwa akitazama kioo. Nyumba ilikuwa imesimama nzima. Ukuta kwa ukuta, beberu alikuwa akiing'oa misumari kwa nyundo, mmoja mmoja, mbao zikirudi kwenye rundo lake, mpaka akabaki uwanjani na kofia yake mpya, asubuhi ya siku ambayo hakuna kitu kibaya kimewahi kutokea. Akawa anarudi kinyumenyume kuelekea ukingo wa picha.

Mitchelle akanyoosha kidole azime.

Mkono wa Khisa ukakizuia.

— Ngoja, — akasema.